Beseni la Ndege Lililokwenda Kabambare

Saruji mbichi hunuka kama mvua iliyonyesha juu ya jiwe la moto, na ikilazwa juu ya jani la gimbi huongezeka harufu nyingine, ya majani mabichi na matope ya kijito. Harufu hizo mbili ndizo zilizojaa uani kwetu Kasongo kiangazi kile nilipokuwa msichana wa miaka kumi. Baba yangu, Ramazani, alikuwa mwashi, au maso kama tunavyosema kwetu, na mwashi hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: haraka. Miezi michache kabla alikuwa amemtengenezea kiongozi mmoja wa kwaya sakafu ya choo, akabandua mbao saruji ikiwa haijashika sawasawa. Kiongozi wa kwaya aliingia humo asubuhi akiimba sauti ya kwanza, akamalizia kwa sauti ya nne, chini kabisa. Hakuumia ila heshima. Lakini tangu siku hiyo, baba akipita sokoni watu walikanyaga kwa uangalifu, kana kwamba ardhi yote ya Kasongo ilimwagwa na yeye. Kazi zikakatika. Mama akailisha nyumba kwa kuuza mihogo, na baba akawa anashinda amekaa, jambo ambalo hakuwahi kulizoea.

Ndipo ikaja barua kutoka Kabambare, mkononi mwa Saidi, dereva wa pikipiki. Aliyeiandika ni Mama Albertine, mkunga mstaafu wa huko, ambaye kwa muda alifanya kazi kwetu Kasongo na ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Watoto wake walikuwa wametawanyika na nyumba imekuwa kimya, akataka angalau ndege wamtembelee. Alikumbuka bustani moja aliyoiona Bukavu, iliyokuwa na beseni la saruji lililoumbwa juu ya jani kubwa, na ndege wakioga humo. Alichora picha, akaeleza namna ya kulitengeneza. Mama alipoielewa barua, aliuliza, "Watu wanabeba maji kichwani, yeye anataka kuogesha ndege?" Baba akajibu kwamba mtu aliyemshika mtoto wako kabla hujamshika mwenyewe hakataliwi. Nadhani pia aliona kwamba beseni, hata likivunjika, halina mtu wa kutumbukia.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta jani. Nilishuka kijitoni kuchagua gimbi lenye jani pana kuliko kifua cha baba, lisilo na tundu la kiwavi, nikarudi nimejifunika nalo kama mwavuli. Utomvu wa gimbi huwasha, na kwa wiki nzima mimi na baba tulijikuna mbele ya wageni bila haya. Baba alirundika mchanga wenye unyevu, akautandikia nailoni, akalilaza jani kifudifudi, mishipa yake ikiangalia juu, kisha akalipaka saruji unene wa vidole viwili na kuipunguza taratibu kuelekea pembeni. Baada ya hapo kilichobaki ni kungoja, na hapo ndipo ugonjwa ulipoamka. Jani la kwanza aliligeuza jioni ile ile, likatoka vipande vitano. La pili alilivumilia mpaka asubuhi, likatoka vipande viwili, naye akasema hayo ni maendeleo. La tatu mama aliliwekea kigoda kando, akaketi hapo na kinu chake akitwanga sombe, majani ya mihogo ya mboga. Baba alizunguka uani. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema. "Subira yavuta heri," mama akajibu bila kuinua macho, "na ukiligusa nitakutwanga mkono pamoja na sombe." Vita hivyo vya methali vilidumu siku tatu. Siku ya nne mama aliondoa kigoda, baba akaligeuza beseni na kulibandua jani kidogo kidogo. Chini yake kila mshipa ulikuwa umechapwa kwenye saruji, mpaka ule mwembamba kama uzi. Baba aliifuata kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka ukingoni.

Safari ya Kabambare ilichukua siku mbili: Saidi mbele, mimi katikati, baba nyuma, na beseni mapajani mwangu limefungwa kitenge. Mama aliniagiza nimwangalie baba asifanye haraka. Wamaza, tulipolala, wanawake walikifunua kitenge wakidhani nimebeba mtoto mgonjwa, wakakirudisha pole pole wakinionea huruma. Kesho yake tulikuta kamba imefungwa kukatiza barabara, na kijana mlinzi wake akauliza ni mzigo gani. "Iko beseni ya ndege," baba akasema. Kiswahili cha darasani kingetuokoa, maana huko ndege wa mtini hana ngeli moja na ndege ya abiria. Barabarani kwetu kila ndege "inakuja". "Ndege inakuja?" kijana akauliza. Baba, akiwa tayari anapanda pikipiki, akamjibu, "Tukishatia maji tu, utaiona." Nyuma yetu alisimama mfanyabiashara wa Salamabila mwenye pikipiki mpya. Alitupita kwa mavumbi, na habari za ndege zikatangulia pamoja naye.

Tulipofika Kabambare uwanja wa mpira ulikuwa umefyekwa wote. Vijana walikuwa na mapanga, wachuuzi walikuwa wamekalia magunia yao ya mchele, na mzee mmoja aliyevaa koti zito katika jua lile alikuwa na sanduku, kwa sababu alitaka kumwona mjukuu wake Kindu. Walitufuata mpaka uani kwa Mama Albertine. Mkuu wa mtaa akamwuliza baba, "Muzee, ndege iko wapi?" Baba akakifunua kitenge. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba ni ndege hawa, wa mtini, wa kuoga. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Huyu si maso wa choo cha Kasongo?" Niliona baba akitazama barabara tuliyojia, nami nikamshika shati, kwa maana niliagizwa.

Mama Albertine alitoka na ndoo. Nusu ya watu wale alikuwa amewapokea yeye duniani, na walipomwona wakajipanga wenyewe. "Hakuna kati yenu aliyezaliwa kwa saa moja," alisema. "Kaeni." Akaliweka beseni juu ya kisiki, akamimina maji, akaketi. Umati ukaketi. Baba naye akaketi, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi siku ile. Tulingoja mpaka mgongo wangu ukauma. Kisha shore mmoja akatua ukingoni, akatutazama kana kwamba sisi ndio wageni, akaingia majini na kupigapiga mbawa mpaka matone yakamfikia mkuu wa mtaa. Mzee mwenye koti alisimama na sanduku lake. "Imetua," alisema, "na haikupandisha hata vumbi." Alicheka yeye kwanza, wakafuata wengine, na baba wa mwisho, akifuta macho. Tulibaki Kabambare wiki mbili. Baba alitengeneza mabeseni tisa: moja la kutawadhia, mengine ya kuku na bata, na moja la mzee, ambaye hakueleza ni la nini. Hakuna lililopasuka.

Sasa naishi Kindu, na baba ni mzee anayengoja chai ipoe bila kulalamika. Barabara ya Kasongo hadi Kabambare bado ni siku mbili kwa pikipiki, mvua ikipenda hata nne. Kilichobadilika ni simu. Leo mtu akisikia kwamba ndege inakuja, anapiga simu kabla pikipiki haijafika Wamaza, na uongo unakufa njiani. Ni jambo jema, nami simu yangu siiachi. Ila msimu ule wote watoto wa Kabambare walicheza mpira kwenye uwanja uliofyekwa vizuri kuliko wakati wowote, na kama simu ingetangulia, nyasi zingebaki zimewafika magotini.