Ruhusa Moja kwa Kila Meza

Homa yangu ilikuwa ya kweli. Lakini katika shamba la maua nje ya Kitengela, homa peke yake haikutosha kukurudisha nyumbani. Kila meza ya kupanga waridi iliruhusiwa kuachilia mgonjwa mmoja kwa siku, na msimamizi alitaka kumwona akiumwa. Kwa hivyo kila alipopita, niliinama na kukohoa mpaka machozi yakanitoka.

Hatimaye alisimama, akamuuliza rafiki yangu wa meza moja, "Huyu ni mgonjwa kweli?"

Sikuwa na wasiwasi. Mara tatu nilikuwa nimemwapia msimamizi huyo kwamba mgongo wa rafiki yangu umekwama, nikijua anaenda sherehe Kajiado.

"Anakohoa tu ukipita, boss," alisema, macho kwenye maua. "Ukienda anapona."

Wanawake wa meza zote walicheka. Msimamizi pia alicheka. "Haya mama, rudi kazini."

Saa sita rafiki yangu alishika mgongo, akapewa ruhusa. Nilibaki nikipanga maua yake na yangu, nikikohoa bila mtu wa kunitazama.