Sheria ya Mwalimu Bosibori

Mwambie Mwalimu Bosibori wa Kiogoro kwamba chekechea ni kuchezesha watoto tu, halafu ujitayarishe kusikia mambo. Miaka ishirini na miwili amepokea watoto wa miaka minne wakilia, akawafundisha kwa Ekegusii, lugha ya kwao, mpaka wamalize PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, kisha akawakabidhi kwa gredi ya kwanza. Wao hupanda: gredi ya sita, sekondari ya msingi hadi ya tisa, sekondari pevu hadi ya kumi na mbili, halafu chuo kikuu. Yeye habanduki. Kila Januari anaanza upya na kamasi.

Na kwa akina mama wanaoleta watoto Januari ana sheria moja. "Usimtoroke mtoto! Mwambie unaenda, mwambie utarudi lini, kisha nenda. Na usigeuke nyuma. Ukigeuka, umeniharibia siku nzima."

Nyumbani alibaki na kitinda mimba wake, Cynthia. Mumewe alizikwa nyuma ya migomba. Mogire, kifungua mimba, yuko chuo kikuu Eldoret na hupiga simu akikumbuka.

Cynthia alipofika gredi ya tisa, ikaja fomu ya kuchagua sekondari pevu. Msichana alitaka mkondo wa sayansi. Shule ya kutwa ya jirani haikuwa na maabara ya maana, na ya bweni aliyoipenda iko Nakuru. Bosibori alikaa na fomu ile siku mbili.

"Sayansi hata hapa ipo," alisema.

"Hapa ipo ubaoni tu, Mama."

Lo! Ukweli ni kwamba aliogopa kula ugali peke yake. Aliogopa, basi. Lakini kumfungia mtoto ndani, mwalimu mzima? Akaandika ile ya Nakuru kwanza.

Januari, kwenye lango la shule ya Nakuru, Cynthia alishika sanduku lake.

"Mama, naenda. Nitarudi Aprili."

Akaenda. Hakugeuka hata mara moja. Sheria ile aliisikia angali na miaka minne, darasani kwa mamake. Mkuki kwa nguruwe, jamani. Bosibori alisimama pale mpaka bawabu akamwuliza kama amesahau kitu.

Keshoye, mlangoni pa darasa lake, mama mmoja kijana alimuaga mwanawe, akapiga hatua mbili, akasita. Alimtazama mwalimu kwa woga.

"Geuka," Bosibori akamwambia. "Geuka umwone."