Kodi ya Miezi Minne Niliyoidai Mjini

Nilihama chumba cha kupanga Singida mjini nikiwa nimekaa miezi miwili, na nilikuwa nimelipa sita. Mwenye nyumba alitaka sita kwa mkupuo, ndivyo wanavyofanya mjini, na mwanangu aliuza ng'ombe tukalipa. Nilipanga pale niwe karibu na hospitali. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na kliniki zilikuwa haziishi.

Kilichonihamisha ni uwele. Mimi unga wa dukani siuli. Asubuhi nilikuwa napepeta uani kama nilivyopepeta kijijini kwetu Kinyangiri maisha yangu yote. Siku hiyo mwenye nyumba alikuwa ameanika mashuka meupe, mimi sikuyaona. Upepo wa Singida nao mnaujua. Pumba zote zikaenda kulala kwenye mashuka mabichi.

"Bibi, hapa si shamba!" Akaubeba ungo wangu, akamwaga uwele nje kwa kuku wa jirani.

Chakula! Nilifunga mizigo siku hiyohiyo. Alipokuja mlangoni akasema shikamoo, nikampita kimya kama gogo.

Hasira zilipopoa nyumbani ndipo nikakumbuka macho. Hospitali walikuwa wameshanipangia siku ya kupasuliwa, na hela ya kulipia ilikuwa ndani ya ile miezi minne. Ng'ombe mwingine hakuwepo.

Nikampigia mpangaji mwenzangu wa chumba cha pili, yule anayekaanga maandazi.

"Bibi njoo, lakini ukifika funga mdomo. Nitaongea mimi."

Mimi nifungwe mdomo na mtoto! Nikaenda.

Alitupeleka mimi na mwenye nyumba kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaeleza vizuri: bibi kakaa miezi miwili, chumba kimeshapata mtu mwingine, hela ya bibi irudi. Mwenye nyumba akasikiliza, halafu akaanza kulia. Hilo sikulitegemea.

"Mwenyekiti, shida si hela. Huyu bibi hakuitikia shikamoo yangu mbele ya wapangaji wote. Mama yangu mzazi hayupo. Mpaka leo silali vizuri."

Kwetu kila mtu anajua: mkubwa akikunyima marahaba, ni kama amekuombea mabaya. Nilijua hivyo nilipompita, na nilikusudia.

Mwenyekiti akanigeukia. "Bibi, salamu ya huyu mama bado iko kwako."

Mwenye nyumba akasimama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

Nikamwacha asubiri. Uwele wangu ulikuwa bado unaniuma. Mpangaji mwenzangu akanifinya paja.

"Marahaba, mwanangu. Lakini chakula hakimwagwi."

"Hakimwagwi, bibi," mwenye nyumba akajibu. Mwenyekiti akacheka.

Nusu ya hela mwenye nyumba alinipa mkononi palepale, nusu akatuma kwa simu kabla ya siku yangu ya hospitali. Hakukata hata shilingi, na mashuka yake nilikuwa nimeyachafua kweli. Namshukuru, na sioni haya kusema hivyo. Ni wangapi wanarudisha?

Waliponifungua bandeji, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda ni yule wa maandazi. Alikuwa ameacha biashara yake aje kunilisha uji, na hatuna hata undugu. Nikamtazama sana.

"Wewe! Kumbe una mvi?"

"Huo ni unga, bibi."

"Unga hauoti kichwani."

Akacheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha.