Anayesoma filamu kwa kuhesabu milango

Saa mbili asubuhi, Okwudili Anyasi amepiga magoti mbele ya mlango wa chumba cha kulala, kalamu ya risasi sikioni, kopo la gundi kando yake. Fundi huyu hautengenezi mlango. Anaudhoofisha.

Kwa patasi nyembamba anachonga mfereji nyuma ya ubao na kuuachia katikati ya unene wake. Anaujaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, anausawazisha kwa kidole gumba. Huu wa mwisho si lazima ukauke; sehemu nyingine alizichonga jana na zimeshakauka. Ukiutazama kwa mbele utaapa kwamba mlango huu umekuwepo tangu nyumba ijengwe. Kwa nyuma ni mgonjwa mahututi.

Kwenye kitasa anapachika njiti tatu za kiberiti. Njiti moja, teke moja.

"Teke la kwanza, unatikisika. La pili, unapasuka lakini unashika. La tatu, unaanguka wote," anasema bila kugeuka. "Ukianguka kwa la kwanza, watu watacheka. Usipoanguka kwa la tatu, watacheka zaidi."

Leo hakuna nafasi ya kuchekwa. Nyumba hii ya ghorofa, pembeni ya barabara ya Okpanam hapa Asaba, imekodiwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Kesho mwenye nyumba anapokea wageni wanaokuja kumposa binti yake, na hataki kusikia tena habari za kamera. Filamu imebakiza kipande kimoja tu, nacho ndicho kilele chake. Mlango ni huo mmoja, na gundi yake huchukua siku nzima kukauka.

Mzee Okwudili ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitengeneza milango ya kuvunjwa kwenye filamu. Mwaka jana alitengeneza thelathini na mmoja. Mlango wa kawaida hulipwa naira elfu arobaini na tano, na karibu nusu yake huliwa na mbao. Mvua zikianza, watengenezaji filamu hujificha, naye hurudia vitanda na makabati.

"Fundi mwingine hujisifu kwamba mlango wake umedumu miaka thelathini," anasema. "Wa kwangu ukidumu dakika nzima, sijalipwa."

Sifa yake kubwa, hata hivyo, haiko kwenye randa. Iko kwenye kusoma. Akipewa skripti ya filamu ya wavamizi, zile za majambazi kuingia nyumbani kwa watu na kuwashikilia, haisomi kama waigizaji wanavyosoma. Anaruka mazungumzo yote. Anatafuta milango, kila mmoja anauwekea alama, na akifika ukurasa wa mwisho anajua kama hadithi imesimama au imelala.

"Hadithi nyingine zinasafiri. Hii haisafiri. Nyumba ni moja, watu ni walewale," anaeleza. "Kwa hiyo kinachosogea ni milango tu. Maneno ni ya waigizaji. Mimi nasoma bawaba."

Kwanza, anasema, mtazamaji aonyeshwe nyumba ikiwa na amani. Mama afunge dirisha. Mtoto apite jikoni mbio. Komeo la stoo likwame, walicheke. "Mtazamaji anadhani unampotezea muda. Kumbe unampa ramani. Taa zikizimika baadaye, anajua pa kukimbilia kabla hata ya wenye nyumba. Hapo ndipo anapoanza kupiga kelele kwenye kiti."

Kuhusu mlango wa mbele hana mjadala. Usivunjwe. "Jambazi akivunja mlango wa mbele, hiyo ni habari ya gazeti. Akifunguliwa, hiyo ni filamu. Aliyefungua atabeba hilo jambo moyoni mpaka mwisho."

Katika filamu hii, wanaume watatu wanabisha hodi mchana wakiwa na kadi ya msiba wa ndugu wa mbali. Mke wa nyumba anasitasita. Mama mkwe anamkemea: tangu lini mleta habari za msiba anaachwa barazani? Anawaletea kola, kokwa chungu ya kumkaribishia mgeni, ambayo huombewa na kuvunjwa kabla ya kugawanywa. Mume amesafiri, hakuna mwanamume ndani, na kwa desturi mwanamke haivunji kola mbele ya mwanamume. Basi yule jambazi mkuu anaipokea, anaiombea dua nyumba anayokuja kuiteka, anaivunja na kuwagawia wenyewe.

"Nilipofika hapo niliweka kalamu chini," Mzee Okwudili anasema. "Nikamwambia mke wangu, huyu binti anajua kuandika."

Binti huyo ni Kosisochukwu Udemba, mwongozaji wa filamu mwenye miaka ishirini na saba. Kila mtu anamwita Kosi. Hii ni filamu yake ya kwanza, na skripti ya mwanzo ilikuwa na kasoro ambayo ni seremala aliyeiona: mlango wa chumbani ulivunjwa ukurasa wa ishirini.

"Alinijia na daftari langu limejaa alama," Kosi anakumbuka. "Akaniuliza, 'Mwanangu, ukishauvunja huu, dakika sitini zilizobaki utazijaza na nini? Kukimbizana kwenye ngazi?' Nilikasirika. Seremala anifundishe kazi? Nikaenda kulala. Asubuhi nikafuta kurasa kumi na nane."

Katika skripti mpya, katikati ya hadithi wanafamilia wanakaribia kutorokea mlango wa jikoni, na wanashindwa. Mzee alisisitiza lazima wakaribie. "Ukiwafungia tu tangu mwanzo mpaka mwisho, mtazamaji anachoka pamoja nao. Mpe upepo kidogo usoni, halafu funga."

Baada ya hapo ndipo unapokuja mlango wa chumbani. Mke anajifungia na mtoto. Mama mkwe, ambaye filamu nzima hajawahi kumwita mkwewe kwa neno jema, amebaki nje mikononi mwa majambazi. Mlango unashika, unashika, na mwisho unavunjwa kwa teke la tatu, mke akiwa nyuma yake na kisu. Ndivyo ilivyoandikwa.

Saa tatu kasoro, kila kitu kiko tayari. Madirisha yamefunikwa vitambaa vyeusi ili asubuhi iwe usiku. Watu wote wanashikana mikono kwa sala, maana hapa hakuna kamera inayowashwa bila kuombewa. Anayeongoza sala ni Ebube Nwokolo, jitu la futi sita na ushee linaloigiza jambazi mkuu, na ambaye Jumapili huimba kwaya. Anaombea kamera, anaombea jenereta, anaombea mpaka maadui wa jenereta.

"Na tuseme sote," anamalizia kwa sauti ya kutetemesha vioo, "amina!"

Na kwa furaha ya roho anaupiga mlango kofi.

Njiti zote tatu zinakatika kwa mpigo. Ubao wa kati unadondoka kwanza, kisha wa juu, kisha kitasa kinabingirika mpaka miguuni pa Kosi.

"Jamani," Ebube ananong'ona, mkono ungali hewani. "Nimesema amina tu."

Kuanzia hapo mpaka saa saba mchana, Mzee Okwudili anahangaika. Anajaribu misumari, inaonekana kwenye kamera. Anajaribu gundi ya haraka, rangi inafanya mabaka. Jasho linamtiririka, na kila dakika tano Ebube anamletea maji kama mtu anayelipa faini. Hatimaye fundi anaweka patasi chini.

"Huu umekufa," anatangaza.

Mlango halisi wa chumba, wa mvule, umeegemezwa ukutani tangu waliposimamisha huu wa bandia. "Ule unaweza kuupiga teke mpaka mwakani," anasema. "Utavunjika mguu kwanza."

Kosi anakaa kwenye ngazi na kulia waziwazi, bila kuficha uso. Miaka mitatu amebembeleza watu wamwamini, na sasa ana filamu nzuri isiyo na mwisho. Ni vigumu kumtazama.

Mzee Okwudili anashuka, anakaa ngazi moja chini yake.

"Kuna mlango mmoja naujua haukuvunjwa," anasema.

Anachosimulia hapo, watu aliofanya nao kazi miaka yote hawajawahi kukisikia. Kabla ya Asaba, yeye na mkewe Nwakaego waliishi Onitsha, vyumba viwili tu. Usiku mmoja miaka ishirini na miwili iliyopita waligongewa. Aliyegonga alimwita kwa jina la utani la karakana, akasema mteja wake amepata ajali. Mlango wa mbele ulikuwa wa mvule, kazi ya mikono yake mwenyewe, hakuna bega ambalo lingeuweza. Akaufungua.

"Nilifungua mwenyewe," anarudia. "Mnaniuliza kwa nini mlango wa kwanza usivunjwe. Ndiyo sababu."

Mkewe aliwahi kujifungia chumba cha ndani. Majambazi wanne waliupiga ule mlango, ukakataa. Walipochoka nao wakamgeukia yeye, wakaanza kumpiga ili mke asikie. Aling'olewa meno mawili. Kisha akasikia kitu alichokuwa akiomba asikisikie: komeo likivutwa taratibu kutoka ndani.

"Aliufungua yeye. Alikuwa salama kabisa, na alifungua. Walikuwa wamejiandaa kuvunja, hawakuwa wamejiandaa kufunguliwa. Wakaduwaa. Akampiga wa kwanza gotini, akatoka mbio akipiga yowe barabarani, majirani wakatoka, wale wakakimbia."

Kosi ameacha kulia. Tayari anatafuta kalamu.

"Ngoja," mzee anamzuia. "Jambo hili si langu peke yangu. Hatujalizungumza tangu tulipovuka daraja kutoka Onitsha kuja huku. Akikataa, amekataa."

Anampigia mkewe. Misumeno ya umeme imemla masikio, kwa hiyo simu yake huiweka sauti ya juu. Nyumba nzima inasikia.

"Mama Ebere."

"Umekula?"

"Bado. Sikiliza. Watu wa filamu wamekwama hapa. Nataka kuwapa mlango wa Onitsha."

Mtu anazima jenereta.

"Upi?" Nwakaego anauliza. "Uliofungua wewe au niliofungua mimi?"

"Wako."

Kosi amefumba macho.

"Huyo mwanamke wao ana nini mkononi?"

"Kisu."

"Kisu! Nani ana muda wa kutafuta kisu? Mimi nilishika mchi kwa sababu vyombo vyote tulikuwa tunaviweka chumbani. Mpe mchi. Na asipige kelele kabla. Afungue taratibu, kama anayetoka kuchota maji. Akipiga kelele mapema watajua anaogopa."

"Wewe uliogopa?"

"Baba Ebere, usiniulize upuuzi mbele za watu. Najua umeniweka sauti ya juu." Watu wanajikaza wasicheke. "Waambie wafanye. Na ule."

Saa kumi jioni mlango wa mvule umerudishwa kwenye bawaba zake. Fundi wa milango ya kuvunjwa ameshafuta vumbi, na mpaka godoro dogo amelifunga upande wa teke, nje ya macho ya kamera, ili mlango wa watu usipate mkwaruzo.

Kamera inawashwa. Ebube anapiga teke la kwanza, nyumba inatikisika. La pili. Anarudi nyuma, anainua mguu kwa la tatu, na mguu ukiwa hewani komeo linavutwa upande wa pili. Linavutwa polepole hivi kwamba kila mtu aliyepo analifuata kwa sikio mpaka mwisho wake. Mlango unafunguka wenyewe. Jambazi anayumba kwa mguu mmoja, amepoteza kitu cha kupiga.

Mwanamke amesimama hapo na mchi. Mama mkwe, akiwa sakafuni, anatamka neno ambalo halimo kwenye skripti: "Rudi ndani, mwanangu." Ni mara ya kwanza kumwita hivyo filamu nzima, na mwigizaji wa mke anabubujikwa machozi ya kweli, lakini harudi. Anavuka kizingiti.

Hakuna aliyethubutu kuomba wapige picha mara ya pili.

"Miaka kumi na tisa naamini kilele ni mlango kuanguka," Mzee Okwudili anasema baadaye, akila wali uliopoa kama alivyoagizwa. "Kumbe kuanguka ni kazi ya seremala. Kufungua ni kazi ya mwenye nyumba."

Filamu inatarajiwa kuonyeshwa Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Kosi ameahidi jina la fundi liwekwe kwenye orodha, na chini yake la Nwakaego, ambaye hajawahi kutazama hata filamu moja aliyoifanyia kazi mumewe. Hii atakwenda, amesema, mradi wakae karibu na njia ya kutokea.

Keshoye nyumbani kwao, mwandishi anamkuta mzee akipima ukuta kwa futi kamba. Kwa miaka ishirini na miwili chumba chao cha kulala kina pazia tu mlangoni. Tangu Onitsha, Nwakaego hakutaka tena kusikia, nyuma ya mlango uliofungwa, jambo asiloliona. Mumewe hakubishana naye hata siku moja. Sasa amenunua ubao wa mvule, na anapanga kumaliza mlango kabla ya mvua.

Nwakaego anasimama kando na sahani ya maharage, akikagua vipimo kama msimamizi.

"Nimemwambia aweke," anasema. "Lakini safari hii, likifungwa komeo, sote wawili tuwe upande mmoja."