Mchora Kinga wa Musonoi

Beya alizaliwa Musonoi, mtaa wa mji wa Kolwezi huko Katanga, Kongo, kando ya mashimo ya shaba, mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai. Baba alipofariki, mama yake, Mbuyi, aliuza samaki wakavu sokoni hadi mwanawe akaenda kusomea fizikia Ubelgiji.

Huko alipata kazi ya kubuni shabaha, yaani kipande cha chuma kinachogongwa na chembe ndogo za atomi zinazokimbizwa na mashine kubwa. Kikigongwa, chuma hicho hupata joto la tanuri, na maji ya kukipoza yasipopita bila kukoma kitayeyuka. Tena hutoa mionzi ya kuua. Basi Beya alichora kuta za chuma na zege za kukizingira, akipima unene wake sentimita kwa sentimita. Jioni alirudi chumbani peke yake.

Mwaka 1993 akasikia watu wa Kasai wanafukuzwa Kolwezi na kurudishwa kwao kwa treni. Aliacha michoro mezani, akapanda ndege.

Nyumbani kwao alikuta watu asiowajua wakipika uani. Jirani yao Henriette, mwenyeji wa Katanga, akamvuta ndani haraka, akimwita "tata", yaani bwana.

"Tata Beya, mama yako alishaenda, yapata wiki mbili. Balimupakiza mu wagon ya mizigo."

"Hukuweza kumficha?"

"Mi nilimwambia abakie. Akakatala. Alisema, 'Henriette, uko na batoto. Batakuunguzia nyumba.'"

Beya akaifuata reli. Katika stesheni ya Lubudi, mfanyakazi aitwaye Banza alimwambia treni ile ilikwama hapo siku nne bila maji.

"Tulizika watu kumi na mmoja, tata. Hatukuuliza majina."

Alimwonyesha udongo mpya kando ya njia. Beya alisimama pale hadi jua likamchoma shingo, asijue amlilie nani. Akaendelea hadi Kasai, akauliza kanisa kwa kanisa. Hakuna aliyemwona Mbuyi.

Alirudi kazini Ubelgiji, akamaliza michoro. Miaka mitatu baadaye mashine ikawashwa. Maji yalipita vizuri. Nje ya ukuta, vipimo vya mionzi havikusogea. Wenzake walikumbatiana, kila mmoja akakimbilia simu. Beya hakuwa na wa kumpigia. Alikaa, akamwandikia Henriette ukurasa mzima kuhusu ukuta wake.

Jibu lilifika baada ya miezi saba. "Sikuelewa kazi yako," Henriette aliandika, "lakini nilisomea batoto barua yote, mara mbili."