Kahawa Niliyoikataa Mara Mbili

Mimi kwa kawaida ni mtu wa maneno. Pale Igoma, Mwanza, kwenye karakana yangu ya kuchomelea mageti na madirisha, wateja husema mdomo wangu unatoa cheche kuliko mashine. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia nimrudishe mama yake Bukoba kwa gari, safari ya kutwa nzima, sisi wawili tu, niliogopa kweli. Kwa mama mkwe huwa sina maneno. Sina kabisa.

Mimi Msukuma. Marehemu mama yangu alinilea akiniambia: mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, hupokei kitu mkononi mwake, na ukiwa na neno naye unalipitisha kwa mtu. Wengi wa rika langu wameshaacha haya. Mimi sikuacha, kwa sababu aliyenifundisha hayupo tena wa kuniambia basi, inatosha.

Mama mkwe ni Mhaya. Kabla ya mwaka huu nilikuwa nimekutana naye mara tatu: kwenye mahari, harusini na msibani. Msiba wenyewe ulikuwa wetu. Mke wangu alikwenda kujifungulia kwao, mtoto akazaliwa bila kulia, na mimi nilipofika kesho yake alikuwa ameshazikwa. Nilionyeshwa kifusi kidogo cha udongo, nikakaa siku mbili nje na wanaume, nikarudi Mwanza. Habari zake hatukuzizungumza tena.

Sasa mke alikuwa na mimba nyingine, imebaki miezi miwili, na daktari amemkataza safari. Alichotaka ni kimoja tu: mama yake awepo siku hiyo ikifika. Mama alikuwa kwetu wiki mbili kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kila akiulizwa kama atarudi kwa ajili ya uzazi alijibu neno moja. "Nitaona."

Asubuhi ya safari mke alinishika shati mlangoni. "Akishaiona migomba yake hatoki tena. Huko njiani uwe mtu naye, tafadhali. Bila mama siwezi. Nakuambia ukweli, siwezi."

Nikamwambia asiwe na hofu. Nilikuwa najiona mkwe bingwa! Wiki mbili zote nilikuwa nakula karakanani, naingia kwa mlango wa nyuma, na mama akikaa sebuleni mimi natoka. Heshima gani tena ipite hiyo?

Nikamkalisha kiti cha nyuma, nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa, tukaondoka. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali, na mikoba yake ameikumbatia mapajani.

Usagara, nikisubiri lori lipite pale njia panda, mkono ulikuja begani kwangu na kikapu kidogo kinachoenea kiganjani. Ndani kulikuwa na kahawa za kutafuna, zile buni ambazo Wahaya huzichemsha na majani ya kunukia kisha huzikausha. "Karibu kahawa, mkwe."

Mkono kwa mkono! "Asante mama, nimeshiba," nikasema, nikiwa nalitazama lori. Kikapu kikarudi nyuma.

Darajani Busisi nilidhani nitapasuka. Zamani hapo tungepanga foleni ya kivuko nusu siku. Sasa unapita juu ya ziwa dakika chache tu, na zile nyaya nene zinazolishika daraja, jamani, fundi chuma yeyote lazima aseme neno. Nikalimeza. Nyuma yangu akauliza, "Hayo ni maji? Mimi naona weupe tu."

"Ndiyo, mama."

"Ni mengi?"

"Ndiyo, mama."

Sengerema jua lilikuwa kali, nikawaza huenda ana kiu. Nikasimamisha gari, nikampigia mke. "Hebu muulize mama kama anataka maji."

"Mama si yuko nyuma yako?"

"Yupo."

"Sasa si umuulize wewe!" Akakata simu.

Nikashuka, nikanunua chupa ya maji, nikaiweka kwenye kiti kando yake. Akanisogezea tena kile kikapu. "Nimeshiba, mama." Nikasikia kifuniko kikifungwa.

Geita tukala. Yaani, yeye alikula. Nilimwingiza mgahawani, nikamwagizia ndizi na samaki, halafu nikabeba sahani yangu ya ugali nikaenda kuchuchumaa nyuma ya gari. Nilikuwa kwenye tonge la tatu nilipoona viatu vyake mbele yangu. Alikuwa amepapasa ukuta hadi nje, peke yake. Nikasukumia sahani chini ya gari, mtu mzima mimi.

"Mhudumu ameniuliza kama dereva wangu ameshakula," alisema. "Nimekosa la kumjibu. Mkwe, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Wiki mbili nikiingia sebuleni unatoka. Nikikusemesha unaitika kama askari. Kahawa yangu umeikataa mara mbili. Kwetu mtu hakatai kahawa isipokuwa ana neno na wewe, au anadhani umemwekea sumu. Nilimwambia mwanangu nitaona. Basi, nimeona. Siwezi kwenda kulea mzazi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hanitaki."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. "Nisikutake? Mama, nakuheshimu mpaka nateseka! Unadhani napenda kula nimechuchumaa na kuku?" Nikamwaga yote: mama yangu na mafunzo yake, mlango wa nyuma, kioo, simu. Nikamweleza hadi nyaya za daraja. Nilikuwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani, na macho yalikuwa yananiwasha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Ee Mungu wangu! Mimi nilidhani chuki, kumbe adabu." Akajipangusa chini ya miwani, taratibu. "Na adabu yenyewe haina mwisho?"

"Mama yangu alisema hulegea. Mjukuu akishazaliwa, wakwe wanaweza kukaa pamoja."

Kicheko kikamwisha.

"Kwani hakuzaliwa?"

Nikaviangalia viatu vyake.

"Alizaliwa. Nilikabidhiwa mimi, nikamwosha mimi, kwa mikono hii. Yuko kwenye migomba ile ya karibu na dirisha langu. Alikuwa na masikio yako haya, yaliyosimama. Hawakukuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuwahi kuuliza. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

Akafungua kikapu, akanyoosha mkono. Nikachukua kahawa kiganjani mwake, nikatafuna. Chungu, usidanganywe na mtu.

Kutoka Geita alikaa kiti cha mbele. Nikarudisha kioo mahali pake, nikaongea hadi Biharamulo bila kupumzika, mpaka akasema sasa anaelewa kwa nini mama yangu alinifundisha kunyamaza. Karibu na Muleba aliniambia nimpigie mke wangu. Nikaweka sauti ya juu.

"Hebu muulize mama kama atakuja," nikasema.

"Wewe mwanamume!" Mke akaanza kufoka. "Kumbe mpaka saa hizi bado..."

"Nakuja, mwanangu," mama akamkatiza. "Nikishavuna maharage yangu tu, nakuja. Safari hii nataka nimsikie akilia."

Kisha tukamsikia mke wangu akilia, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.