Mnaoficha bati, someni hapa: baba mdogo alivyoizungushia tembe ya mama meno ya madebe (Sepuka, enzi za Mwingereza)

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea zote kwa mkupuo, marahaba. Msianze kuniamkia mmoja mmoja huko chini, mtanijazia uzi.

Kwanza nitaje waliokuwepo. Mtu akisimulia jambo bila kutaja watu, huyo anatunga, na mimi sina elimu ya kutunga.

Alikuwepo mama yangu mzazi, Hadija, mjane.

Alikuwepo dada yangu Zainabu, mkubwa kwangu, na mimi mwenyewe.

Alikuwepo baba mdogo Nkuwi, tumbo moja na marehemu baba. Huyu mshikeni vizuri, ndiye mwenye mambo.

Alikuwepo Bibi Mwasiti, jirani yetu, kati ya boma lake na letu ni ua wa minyaa tu.

Na wageni kutoka Unyambwa: Mzee Sungi mwenye binti wa kuposwa, mdogo wake Ntandu, na dada yao Mwamvua. Binti mwenyewe aliitwa Asha. Hakuja, na mpaka leo sijawahi kumtia machoni.

Walisema Kinyaturu, mimi nawawekea Kiswahili.

Sasa kwa nini naandika. Humu mimi ni msomaji tu, nasoma nalala. Juzi kijana mmoja kaweka picha ya nyumba yake, kontemporari. Bati limefichwa, ukuta umepandishwa juu kuzunguka paa lote. Watu wakaja mbio, hongera mkuu, umeua mkuu. Halafu mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu aliyejikojolea, anauliza: wakuu, mbona dari ya sebuleni imepiga madoa?

Chai ilinipalia.

Umejenga beseni, mjukuu wangu, halafu unashangaa linashika maji. Na wala si wewe wa kwanza. Wa kwanza ni baba mdogo wangu Nkuwi, kabla hata babu yako hajajua kuvaa suruali.

Twende taratibu.

Ninyi mliozaliwa chini ya bati hamjui tembe. Ni nyumba ya chini, ya miti na udongo. Paa lake limelala, lina mteremko kidogo ambao mgeni haoni. Juu ya boriti kuna fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo umeshindiliwa.

Kazi iko pembeni, pale paa linapokwisha.

Kila mwaka kabla ya mvua mama alilaza matita membamba ya nyasi ngumu, mashina ndani chini ya udongo, ncha nje, yachomoze kupita ukuta kama urefu wa mkono hadi kiwiko. Maji yakija yanafuata nyasi na kudondokea mbali. Ukuta unabaki mkavu. Tuliziita ndevu za nyumba.

Sikatai, hazikuwa pambo. Zilikuwa zimetimkatimka kama ndevu za mzee aliyeamka sasa hivi. Lakini nyumba ilikuwa kavu.

Nkuwi akarudi kutoka manamba, kwenye mashamba ya mkonge.

Alirudi na koti, kofia ya pama, mkasi wa kukatia bati, na mdomo. Kila neno lake lilianza na "Huko Tanga." Ukimpa uji, huko Tanga uji haunywewi hivi. Mbuzi akilia, huko Tanga mbuzi wana adabu. Mkonge wenyewe alikuwa akiukata kama punda, lakini ungemsikia ungedhani shamba lilikuwa la baba yake.

Kwanza alitaka kumrithi mama. Mama akamjibu mbele ya wazee:

"Shemeji, mimi nilishaolewa na mtu mzima."

Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Hilo Nkuwi hakulisahau. Akaja na lingine: basi ataoa kwingine, na mke wake ataingia kwenye nyumba ya kaka yake. Mama na sisi wanawe tuhamie banda la ndama. Wazee wakaguna tu. Jumbe wa kijiji alishakunywa pombe ya Nkuwi, na kila mtu alijua kwamba mke aliyetolewa ng'ombe akishavuka kizingiti, mjane hana maneno tena.

Kwa hiyo mkae mkijua. Posa ile ikikubaliwa, sisi ni wa kulala na ndama.

Akapata posa Unyambwa, kwa Mzee Sungi, mtu mwenye ng'ombe na jina. Mzee Sungi akasema sawa, ila kabla ya kutamka neno tutakuja kuuona mji wako.

Nkuwi akaingia wazimu wa urembo.

Huko Tanga, jamani, aliona nyumba za wakubwa wa mashamba. Bati limeinama, na kwenye ukingo limepigiliwa bati jingine lililokatwa menomeno, linaning'inia. Zuri kweli, nami nimeliona baadaye. Lakini lile linaning'inia kwa sababu paa limeinama na maji yanapita juu yake yanaanguka. Nkuwi aliyaona meno, maji hakuyaona.

Akakusanya madebe ya mafuta ya taa, akayapasua, akayanyoosha, akakata meno. Halafu akapanda juu na panga akazifyeka ndevu zote za mama. Zote! Mama amesimama uani na ungo mkononi anaangalia nyasi zake zinavyodondoka.

Akayapigilia meno yaning'inie kama ya Tanga. Sasa tembe ni fupi, nimewaambia. Wa kwanza kupita mlangoni alikuwa yeye mwenyewe, jino likamvua pama na kumchora paji la uso.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Yeye akayageuza. Akayasimamisha juu ya ukingo, ncha zinaangalia mbinguni, nyumba nzima kuzunguka. Na ili yasimame, akayaegemezea nyuma udongo wa kichuguu, ule ukikauka unalia kama jiwe. Akashindilia vizuri, hakuacha hata upenyo wa mjusi. Kazi safi kabisa. Tangu azaliwe ndiyo kazi pekee aliyoimaliza.

Bibi Mwasiti akaja akashika kiuno upande wake wa minyaa.

"Hadija! Nyumba yako imeota meno. Itamla nani?"

Mama akamwendea Nkuwi kwa upole, maana ndiye mkubwa wa mji.

"Shemeji, maji yatatokea wapi?"

"Shemeji, huko Tanga hakuna mtu anayeuliza maji yanatokea wapi."

"Huko Tanga mnalala chini ya tembe?"

Akamwambia akatwange.

Kwa muda meno yakawa yanatuimbia tu. Mnaujua upepo wa Singida. Madebe yalikuwa yakilia mchana kutwa, kuku wakagoma kulala karibu na nyumba, na watoto wa kijiji wakambatiza Bwana Meno. Yeye alidhani wanamsifu.

Siku ya wageni ikafika, na wingu nalo likaja. Jeusi, limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Mzee Sungi alizunguka nyumba polepole, mikono nyuma. Nkuwi mbele anaeleza, koti limefungwa vifungo vyote na joto lile. Mwamvua ndiye aliyesimama.

"Na ndevu zake ziko wapi?"

"Nimeinyoa, shangazi. Ilikuwa mzee, sasa ni kijana."

"Kijana asiye na ndevu," akasema Mwamvua, "bado hajaoa."

Wakaingia ndani kunywa pombe ya uwele.

Mvua ikashuka. Si ya kudondoka, ya kumwagwa. Na hapa ndipo shetani alipomsaidia Nkuwi kidogo: ndani hakukuvuja. Hata tone. Akanyoosha mkono kuonyesha paa.

"Mnaona, wakwe zangu? Pakavu. Huko Tanga..."

Pakavu! Maji yote yalikuwa juu ya vichwa vyao yamekaa yanawasubiri.

Mama alikuwa chumba cha ndani nasi, kwenye vilindo vya kuhifadhia uwele na mbegu ya mwaka ule. Aliinua uso. Vumbi lilikuwa likidondoka kutoka kwenye boriti, laini, kama mtu anachekecha unga. Akatuambia mimi na Zainabu tubebe nafaka tuipeleke banda la ndama, tusikimbie, tusiwashtue wageni. Halafu akamwita Nkuwi pembeni.

"Shemeji, chukua jembe ukafungue ukingo. Boriti inalia."

"Wageni wamo ndani."

Hapo lazima niwaeleze. Katika ukoo wetu, wakwe wa posa wakiwa ndani ya nyumba, hakuna mtu anayepanda juu ya paa. Ukipanda umewakanyaga vichwa. Umewaambia ninyi ni udongo wangu. Posa inafia hapo hapo, na hakuna faini ya kuifufua.

"Basi waombe watoke," mama akasema.

"Niwatoe wakwe zangu kwenye mvua? Nitaonekana mtu gani?"

Wakuu, mnamwelewa huyu mtu? Boriti inalia, na yeye anahesabu ataonekanaje. Akarudi akakaa akawaongeza pombe.

Mama akajifunga kanga kiunoni. Akachukua jembe. Kwa nje kulikuwa na gogo la kupandia lenye vidato. Akapanda.

Tuko mlangoni mwa banda la ndama, tunamwona: maji yamemfika vifundoni juu ya nyumba! Juu ya nyumba, jamani, kama anapanda mpunga.

Ndani wakasikia nyayo. Nkuwi akatoka mbio, pama kichwani, akasimama chini ya ukingo pale pale.

"Mama Zainabu! Shuka! Unawakanyaga wakwe zangu!"

"Nawakanyaga mimi wasije wakakanyagwa na boriti!"

"Shuka nasema!"

"Sogea hapo uliposimama!"

Hakusogea. Huko Tanga watu hawasogei.

Mama akapiga jembe. La kwanza kichuguu kikalia tu. Akapiga tena na tena, mara ukingo ukaachia. Maji yakatoka na udongo, na nyasi zilizooza, na lile bati la meno, vyote kwa pamoja, vikamshukia Nkuwi. Alizama mpaka kwenye vifungo vya koti. Pama ilielea mpaka kwenye minyaa, na Bibi Mwasiti akaiokota upande wake. Hakuirudisha kamwe, alitagishia kuku.

Wageni wakatoka. Ntandu alikuwa wa mwisho, akageuka kutazama juu ya kigoda alichokuwa amekalia. Boriti ilikuwa imepasuka, imekaa kwa uzi.

Mama akashuka. Akapiga magoti kwenye tope mbele ya Mzee Sungi, kwa heshima yake.

"Mama," Mzee Sungi akasema, "ulijua kwamba tumo ndani?"

"Nilijua, baba. Na ninyi mlijua kwamba maji yako juu?"

Mzee Sungi akainua macho kwenye meno yaliyobaki. Halafu akamgeukia Nkuwi, ambaye bado anatema udongo.

"Nilikuja kuuona mji wako. Nimeuona."

Wakaondoka na mvua yao. Mwamvua alikuwa akicheka mpaka anashika minyaa, na kabla ya kupotea alisema kwa sauti ili wote tusikie:

"Yule mwanamke angekuwa mwanamume, Asha ningempa yeye!"

Nkuwi alishtaki. Kwamba shemeji yake amewakanyaga wakwe makusudi kuua posa. Jumbe akaja kusikiliza shauri, akaketi ndani, akatazama ile boriti, akakihamisha kigoda chake mlangoni. Akatazama tena, akasema shauri lisikilizwe nje. Huko nje likaisha lenyewe.

Wazee wakasema nyumba ni ya aliyeiokoa. Nkuwi akaondoka kwenda Kintinku kwenye reli, na waliomwona huko wanasema kila neno lake sasa lilianza na "Huko Sepuka."

Mama akazirudisha ndevu. Tulikaa mle mpaka operesheni ya vijiji ilipotuhamisha. Meno ya madebe tulifunikia vyungu.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza: mama, siku ile ulipanda kwa ajili ya boriti au kwa ajili ya posa? Alikuwa anapepeta, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Jembe lilikuwa moja."

Basi nilichojifunza ni hicho. Ukingo wa paa si wa majirani kuutazama, ni wa maji kutokea. Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni, piga, rangi paka, menomeno ning'iniza, sina ugomvi na urembo, hata mimi kucha napaka hina. Lakini kabla hujamuuliza fundi kama itapendeza, muulize lile swali la mama. Akikujibu "huko Dubai," mfukuze.

Na wewe kijana wa madoa, usinijibu kwa hasira. Chukua jembe.

Wenye yaliyowakuta shusheni hapa chini, nitasoma yote, macho bado yapo.

Dada Zainabu ndiye aliyekuwa akinisahihisha, naye ametangulia. Kwa hiyo kama humu kuna mjukuu wa Mzee Sungi wa Unyambwa, nisahihishe: Ntandu alikuwa mdogo wake au binamu yake? Na yule binti, ni Asha kweli, au Asha alikuwa mdogo wake? Nikikosea majina niambieni, nitarekebisha na kuomba radhi.

Kuhusu maji msijisumbue. Hapo sijakosea.